Mkwe Nyuma ya Magunia

Muuza mkaa aliniuliza, "Kibali kimetoka?" hata jua halijapanda vizuri. Dereva wa lori nisiyemjua jina naye akauliza. Kisha padri. Padri nilimjibu vizuri kwa sababu ni padri. Hao wengine niliwaambia kibali kimetoka, kimekwenda kusalimia ndugu zake, kikirudi nitawaita wote waje wakione. Jamani, mtu anachoka. Kila anayekula kwangu lazima ameze tonge na swali.

Mimi ni Noela, mtoto wa Mbuke wa hapa Samuye. Napika wali na ugali pale njia panda ya Tinde, wanaposimama madereva wa malori yanayotoka na kwenda Isaka. Mume wangu Pantaleo ni Mrundi wa Rumonge, fundi wa injini za malori. Alikuja kula kwangu siku lori lao lilipoharibika. Akala sangara, akasifu, na kesho yake akarudi wakati lori limeshapona. Akaendelea kurudi na sababu za uongo mpaka tukafunga ndoa kanisani. Kibali cha kuishi nchini kama mume wangu alipata. Cha kufanya kazi bado. Yaani serikali inamruhusu kula kwangu, ila haimruhusu kunisaidia kununua chakula.

Aliambiwa asiguse kazi ya mtu kwa malipo, na Pantaleo ni mtu wa kusikia. Jirani akipita na pikipiki inayokohoa, yeye anakaa pembeni anaisikiliza tu, mikono ameikunja kwapani, kama mlevi aliyeacha pombe akipita nje ya kilabu. Naumia nikimwona hivyo. Mwanaume anayeweza kusikia injini ikiwa mbali akakuambia inaumwa wapi, anashinda kwangu kuchambua mchele.

Kazi yenyewe ipo, inamsubiri. Deogratias, mwenye gereji ya malori pale Isaka, alimwona akifanya kazi zamani na alishasema wazi: lete kibali, lete na cheti cha majaribio ya ufundi, kesho yake unaanza. Cheti kinafanyiwa mtihani mwisho wa mwaka, na mtihani una sehemu ya kuandika. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Pantaleo aliacha shule darasa la pili, vita ilipoingia kwao. Ukimpa injini anaifungua akiwa amefumba macho. Ukimpa gazeti analishika kama mtoto mchanga wa mtu mwingine.

Kodi ya Isaka ilitushinda, tukahamia Samuye, kwenye nyumba ya uani mwa mama yangu. Baba alishafariki. Mdogo wangu mmoja shimo lilimfukia huko machimboni Geita, mwingine yuko machimbo gani sijui, simu hapigi. Mama amebaki na mimi tu. Lakini mwanaume kukaa kwenye kiwanja cha mama mkwe wake, hapa kwetu, ni jambo la kuchekwa. Wanaume wenzake walimuuliza kama ameolewa. Akacheka nao. Akicheka hivyo, nyumbani haongei mpaka kesho.

Jioni moja nikiwa nachemsha maji ya kuoga akaniambia, taratibu, bila hasira.

"Noela, mbuzi anafungwa kamba asile shamba la watu. Mimi nimefungwa, na hata shamba lenyewe silioni."

"Vumilia kidogo."

"Nimevumilia. Kaka yangu ana michikichi Rumonge, anataka mtu wa kusaidiana naye. Mwaka ukiisha sina kibali wala cheti, narudi. Ukitaka utanifuata."

Nitamfuata vipi, nimwache mama na nani? Na yeye alijua. Niliinua sufuria la maji ya moto nikaliweka chini tena. Tangu siku hiyo kila nikisikia lori linaelekea magharibi, moyo unanipasuka.

Kwa hiyo nilipomwambia kuhusu darasa la Mwalimu Melania, nilimwambia kama mtu anayeombea maisha yake. Mwalimu Melania alistaafu zamani, miguu inamsumbua, lakini Jumanne na Ijumaa mchana, watoto wakishatoka, anafundisha watu wazima kusoma na kuandika kwenye darasa la pili la shule ya msingi. Hatozi kitu. Pantaleo alikuna kichwa, akanyoa ndevu, akavaa shati la harusi, akaenda.

Jumanne hiyo alirudi amechangamka. Mikono ina chaki, goti limechubuka kwa kubana kwenye dawati la watoto. Aliniandikia jina langu kwa kidole juu ya unga wa ugali, nikalitazama mpaka maji yakachemka yakapungua.

Ijumaa alirudi mbio huku anahema, shati limechanika begani.

"Mama yako yupo."

"Yupo wapi?"

"Darasani! Ameingia na daftari!"

"Wewe ukafanyaje?"

"Nimetoka dirishani."

Yesu na Maria. Kama wewe si wa huku, labda hujui ubaya wake. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai mahali pamoja. Hawali wakaonana, hawashikani mikono, na jina la mmoja halitoki kinywani mwa mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mwingine apite. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Tangu tuhamie uani kwake, Pantaleo anazunguka nyuma ya zizi ili asipite mlangoni kwa mama, na mama anakohoa kwa nguvu kabla hajaenda bombani. Sasa watu wawili wa namna hiyo umewaweka darasa moja, madawati yanagusana! Mama alipomwona alijifunika kanga uso mzima akageuka mbio, mwanaume mzima naye akapita dirishani, na wenzao darasani walicheka mpaka Mwalimu Melania akakaa chini.

Nilimfuata mama nyumbani kwake. Alikuwa anapepeta mpunga kwa hasira, pumba zinaniingia machoni.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Mumeo kafuata nini darasani kwangu?"

"Kwako? Tangu lini unasoma wewe?"

"Tangu mavuno. Hukujua kwa sababu hukuuliza. Wewe unauliza dawa tu kama nimekunywa."

Nilijishusha, nikambembeleza. Nikamweleza mtihani, kibali, michikichi ya Rumonge, kila kitu. Nikamwomba aache darasa mpaka mwaka uishe. Mama aliweka ungo chini.

"Noela. Ukinitumia ujumbe kwenye simu, nani ananisomea?"

"Mtoto wa Paskazia."

"Anausoma njiani, kwa sauti. Siku ile uliponiandikia kwamba hujapata mtoto na unalia, nilisomewa pale bombani, wanawake wamejipanga na ndoo. Nikasema sitasomewa tena maisha yangu. Sasa mkwe anakuja kukalia dawati langu, halafu wewe unaniambia mimi ndiye niondoke?"

Kweli nililia ile siku, na kweli niliandika. Sikujua kijiji kizima kilisomewa. Nilirudi kwangu kichwa kinauma, nikalala bila kula.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu Melania nikamwomba amfundishe mmoja siku nyingine. Akanitazama kwa miwani yake iliyofungwa uzi.

"Wee Noela, miguu hii inanifikisha shuleni mara mbili kwa wiki kwa huruma ya Mungu. Unataka nifundishe 'ba be bi' mara nne? Nenda katafute magunia."

"Magunia ya nini?"

"Ya pamba. Shona pazia."

Basi nikashona. Baada ya kusimama jikoni kutwa nzima Tinde, nilikaa na sindano ya magunia nikashona pazia la kugawa darasa katikati, kutoka ubaoni mpaka ukuta wa nyuma. Wanawake upande wa mlango, wanaume upande wa dirisha. Mwalimu Melania akasimama mbele, pua yake kwenye ncha ya pazia, anaona pande zote mbili. Mama aliingia mlangoni akiwa amekohoa vya kutosha. Pantaleo aliingia kwa dirisha lile lile alilotokea, na safari hii hakuna aliyecheka sana.

Ikafanya kazi. Mungu ni mkubwa, ikafanya kazi kabisa.

Ila kazi ikaniangukia mimi. Maana kusoma kwenyewe ni kwa sauti, na gunia halizuii sauti. Mama alikuwa anamsikia mkwe wake anavyohangaika na herufi, na mkwe anamsikia mama. Nikirudi jioni nimechoka, miguu imevimba, napita kwa mama kwanza.

"Yule mtu wako," mama anaanza, maana jina hataji, "leo amesoma 'shamba' akasema 'samba'. Mara tatu! Nikamwambia mwalimu, mwambie mtu wa kule arudie."

"Sawa mayu."

"Mwambie afungue mdomo. Anasoma kama anayeficha pipi."

Nafika kwangu, nakuta Pantaleo na kipande cha mkaa anaandika sakafuni.

"Mama yako anasoma haraka mno," ananiambia. "Anamaliza kabla neno halijaisha. Mwambie apumue."

"Mwambie mwenyewe!"

"Noela, unajua haiwezekani."

Aka! Nilikuwa naongea mimi kutwa kama redio ya mtu mwingine. Mwambie mumeo, mwambie mama. Kuna siku nilitaka kuwafungia wote wawili zizini wamalizane. Lakini usiku nikilala nasikia Pantaleo ananong'ona maneno, "shamba, shamba, shamba," na nasema moyoni, basi, angalau hasemi Rumonge.

Kibali kilikuwa bado. Kila nikienda mjini Shinyanga kuuliza, naambiwa faili lipo, linashughulikiwa. Nilishazoea benchi la pale mpaka najua ubao upi unabana. Ndipo tukaambiwa kwamba ofisa atafika nyumbani kuhakikisha kama ndoa ni ya kweli, kwa sababu wako wageni wanaonunua ndoa kama mtu anavyonunua debe la mahindi. Nikasema waje, tuna nini cha kuficha sisi? Nilisafisha nyumba, nikaweka picha ya harusi mezani, nikasubiri. Siku zikapita, hawakuja. Nikarudi kwenye masufuria yangu Tinde.

Wakaja siku nimekwenda Tinde. Ndivyo mambo yangu yalivyo.

Jioni niliporudi, nilimkuta mama amekaa mlangoni kwake amejipaka mafuta, anatabasamu.

"Ofisa wenu amekuja," akasema. "Binti mzuri, wa kutoka pwani, anaitwa Rhoda. Mumeo alikuwa kule kwenu, ofisa akamwita atoke nje. Basi akanifuata mimi kuniuliza. Nimemjibu kila swali, sikusema uongo hata mmoja."

Moyo ukaniambia kaa chini. Nikakaa.

"Amekuuliza nini?"

"Akaniuliza, mama, yule mwanaume pale ni nani? Anaitwa nani? Nikamwambia siwezi kumtaja."

"Mayu..."

"Akaniuliza umeshawahi kula naye? Nikamwambia sijawahi. Umeshawahi kuzungumza naye? Nikamwambia kamwe! Analala wapi? Ebo! Mimi nitajuaje anapolala mkwe? Nikamwambia sijui. Akaniambia basi twende pale alipo, umwone usoni uniambie. Hapo nikajifunika kanga nikaingia ghalani, sikutoka mpaka gari lilipoondoka."

Na alikuwa anajivunia, mama yangu. Amemheshimu mkwe wake mbele ya serikali. Kila jibu lilikuwa kweli tupu, na kila jibu lilikuwa linamfungia Pantaleo mizigo.

Nilimpigia mama kelele. Sijawahi kumpigia mama kelele maishani, siku ile nilipiga. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia kwa heshima zake hizo mume wangu anaondoka, na yeye mama atazikwa na nani akifa, maana mimi nitakuwa nimekauka kabla yake. Watu walisimama barabarani kusikiliza. Mama alitulia tu mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ulitaka nivue nguo mbele ya mgeni?" akaniuliza. "Kwa sababu kumtaja ni hivyo. Baba yako hakumtaja mama yangu mpaka anaingia kaburini."

Niliingia kwangu nikakuta Pantaleo anakunja mashati. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira, ningepata mtu wa kugombana naye.

"Ofisa ameniambia ataandika kwamba ana mashaka," akasema. "Hata mama mwenye nyumba hanijui."

"Anakujua! Anajua hata namna unavyosoma 'shamba'!"

"Ofisa hajui hilo."

Kesho yake nilifunga mgahawa nikaenda mjini. Afande Rhoda alinisikiliza mpaka mwisho, na sitamsema vibaya, alinisikiliza. Nikamweleza desturi yetu yote.

"Dada, nakuamini," akasema. "Lakini kila niliyemkamata na ndoa ya kununua alinieleza desturi. Nilichoandika ni maneno ya mama yako. Aliyesema hamjui ndiye arudi amtambulishe, mumeo mwenyewe akiwepo. Njooni Alhamisi wote watatu. Nikisikia kwake, nabadilisha taarifa. Nisiposikia, naipeleka kama ilivyo."

Nilimwambia mama. Alifikiri muda mrefu akichoma mahindi. Mwishowe akasema, "Nitakwenda." Sikumuuliza atafanyaje akifika huko, niliogopa jibu. Pantaleo naye akasema sawa, Alhamisi, lakini begi lake likabaki mlangoni, limefungwa. "Wakikataa," akaniambia, "pale stendi ya mjini kuna basi la Kakonko, njia ya kwetu. Sitakuwa na haja ya kurudi huku tena."

Alhamisi Pantaleo aliondoka kulipopambazuka na begi lake, ili asipande gari moja na mkwe. Mimi na mama tukapanda linalofuata. Mama alivaa kitenge cha Pasaka. Njia nzima alikuwa anachezesha kidole juu ya goti, nikadhani anasali rozari.

Ofisi ilikuwa ndogo, meza, viti na kabati la mafaili. Pantaleo alikuwa amesimama barazani karibu na dirisha, ametugeuzia mgongo, begi miguuni. Mama alipita ubavuni amefunika uso, akaingia, akakaa ameelekea ukutani. Afande Rhoda akatoka akamwomba Pantaleo aingie. Pantaleo akakataa kwa kichwa.

"Afande, nikiingia atatoka," akasema. "Mwache akae. Mimi nasikia hapa hapa."

Afande akahema, akarudi, akafungua dirisha lote. "Haya. Yuko pale, tunamwona. Mama, yule mwanaume aliyesimama nje ni nani wako?"

"Mkwe."

Nikashusha pumzi. Kumbe bado.

"Jina lake?"

Nje bodaboda zilikuwa zinapiga honi. Mama alishika ukingo wa kanga kwa mikono miwili, nikaona midomo yake inatetemeka, na nikamwonea huruma, haki ya Mungu nilimwonea huruma. Mwanamke ambaye alilima peke yake, akazika mume, akazika mtoto, hakuna aliyewahi kumwona anatetemeka. Na mimi ndiye niliyemleta pale.

"Mama," afande akasema kwa upole, "jina tu. Kama unamjua."

"Ninamjua."

"Sasa sema."

"Siwezi."

Pale dirishani nikaona Pantaleo anainama anashika begi. Nilikuwa nimechoka mpaka mwisho wa kuchoka. Niliwaza basi, iishe, waniache nilale.

"Nipe kalamu," mama akasema.

Afande Rhoda akatikisa kichwa akiwa ameelewa, akafungua droo, akamsogezea kile kisahani cha wino cha dole gumba. Wanawake wa umri wa mama wakiitwa ofisini huwa wanapewa hicho, hawaulizwi. Mama alikitazama. Akakisukuma kwa kidole mpaka ukingo wa meza.

"Nimesema kalamu."

Akapewa. Akapewa na karatasi. Akavuta kiti, akaegemea meza kama anayekanda unga, akaandika. Aliandika kwa zile herufi kubwa za Mwalimu Melania, moja moja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Afande alitaka kuchungulia, mama akaziba kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa shule. Kumtaja mkwe mdomoni wazee walikataza. Kumwandika, nani alikataza? Wazee wetu wenyewe hawakujua kuandika.

Alipomaliza akageuza karatasi, akarudi kuelekea ukutani, kanga kichwani.

Afande Rhoda akasoma kimya. Akasoma tena. Kisha akaenda dirishani akampa Pantaleo karatasi kwa nje.

"Ni wewe huyu?"

Pantaleo aliweka begi chini. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Na akasoma kwa sauti, maana hajui kusoma kimya, hajafika huko bado.

"Pa-nta-le-o." Akatulia. "Ni mu-me wa No-e-la. Na-m-si-ki-a a-na-so-ma. A-na-ko... a-na-ko-sa..."

"Mwambie arudie," mama akasema kule ukutani, chini ya kanga. Ilimtoka tu. Alikuwa anamwambia Afande Rhoda, kama anavyomwambia Mwalimu Melania. "Mwambie hilo si 'kosa'. Atazame vizuri."

Afande Rhoda alimtazama mama, akamtazama Pantaleo, akaweka mkono mdomoni.

"Baba," akasema, "mama anasema urudie."

"A-na-ko-se-a," Pantaleo akasoma. "Anakosea sana." Kidole kikashuka mstari wa mwisho, na hapo akakwama kabisa. Si kwa herufi. Nilimwona. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Tulimsubiri sote, hata mama alisubiri, na hakumwambia mtu yeyote amwambie arudie.

"Ha-cho-ki," akasoma.

Mimi nililia. Kwa nini nidanganye? Nililia pale pale kwenye kiti cha serikali, kamasi zikanitoka.

Afande Rhoda akachukua karatasi, akaibana kwenye faili. Akasema atabadilisha taarifa yake, ataandika kwamba ndoa ni ya kweli na familia inamtambua. Nikataka kumshika mikono. Akanizuia. "Lakini kibali chenyewe hakitoki hapa, dada. Kinatoka juu. Naandika leo, halafu mnasubiri."

Kusubiri. Neno lile. Nilitoka barazani nimelibeba, sijui nilipeleke wapi. Pantaleo alikuwa amesimama pale pale, begi miguuni, na stendi ya mabasi unaiona kutoka pale. Nikasimama mbele yake.

"Wanasema tusubiri," nikamwambia. Sikumbembeleza. Sikuwa na nguvu.

Mama akatoka nyuma yangu, amejifunika, akapita mbali naye akielekea magari ya Tinde. Alipofika getini akasimama, ametugeuzia mgongo, akaniita.

"Noela! Mwambie mumeo kesho ni Ijumaa. Asichelewe, mwalimu hapendi."

Walikuwa wanasikiana, hatua chache tu. Nikageuka hata hivyo, ndiyo kazi yangu.

"Mama anasema kesho usichelewe."

Pantaleo akainama, akachukua begi, akalitupia begani. Alitazama upande wa stendi, kisha akatazama kule getini kwenye kitenge cha Pasaka.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Na mwambie herufi zake zimenyooka."

Nikapiga kelele mpaka getini: "Mayu! Anasema amesikia! Anasema herufi zako zimenyooka!"

Mama hakugeuka. Alirekebisha kanga, akaendelea kutembea. Sisi tukasubiri apande gari lake kwanza, liondoke, ndipo na sisi tutafute letu la kurudi nyumbani.